Mamangu hakuwahi kushika sigara: wenye wagonjwa wa saratani ya mapafu, ulizeni jeni kabla dawa haijaanza

#1 Bint Mkomani (mleta uzi)

Assalamu aleikum wanajamvi, na wasio wa salamu hii hamjambo nyote. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo naandika kwa sababu ya mama mmoja niliyekaa naye kwenye boti ya Mokowe mwezi uliopita. Alikuwa akimpeleka mumewe Mombasa kuanza kemo ya saratani ya mapafu. Nikamuuliza, kile kinyama alichotolewa kifuani kimepimwa jeni gani? Akanitazama tu. Alikuwa na bahasha nene ya makaratasi mapajani, tukayapitia yote mpaka boti ikafunga, na hakuna hata karatasi moja iliyolitaja jambo hilo. Nilimwandikia nyuma ya tikiti yake majina ya vipimo vitatu: EGFR, ALK, PD-L1. Muonyeshe daktari, nikamwambia, kabla ya dripu ya kwanza. Tangu siku ile sijatulia.

Mamangu ana miaka 61, mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu. Hajavuta sigara wala buruma, na marehemu baba naye hakuvuta. Kazi yake iliyotusomesha ni mahamri na mikate ya mofa. Anaamka saa tisa usiku, kuni za mkoko, chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Alipoanza kukohoa tulisema ni moshi. Kikohozi kikaingia mwezi wa nne, akapungua mwili hadi bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe, na bega la kulia likawa halimpi usingizi.

Alipigwa picha ya kifua, kikaonekana kivuli. Makohozi yakapimwa mara mbili, hayakuonyesha TB. Hata hivyo akaanzishwa dawa za TB na akazimeza miezi sita yote, bila kukosa hata siku moja, kwa sababu mamangu ukimwambia dawa ni ya miezi sita basi ni ya miezi sita. Hospitali siitaji. Najua huku kwetu TB ni nyingi, na kivuli cha pafu kikionekana wa kwanza kushukiwa ni yeye. Lakini makohozi yalikuwa safi mara mbili, na miezi sita kwa mgonjwa wa saratani ni muda mrefu mno. Hilo bado linaniuma.

Alipotolewa kinyama ikajulikana ni adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za kutoa ute, na ilikuwa imeshafika kwenye utando wa pafu na kuleta maji. Daraja la nne. Tarehe ya kemo ikapangwa. Ndipo daktari mmoja kijana akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza vizuri: "Hajavuta kabisa? Hata zamani?" Tuliposema kabisa, akasema tungoje, kinyama kipelekwe Nairobi kikapimwe EGFR. Tulingoja siku 19. Sitazisahau. Ami zangu walinipigia kila jioni kwamba namchelewesha shemeji yao, kwamba dawa ipo na mimi nangoja karatasi. Karatasi ikaja: EGFR, upungufu kwenye eksoni ya 19, yaani kipande cha 19 cha jeni hiyo.

Hakuchomwa dripu hata moja. Alianza kidonge kimoja kwa siku kiitwacho gefitinibu. Wiki ya tatu akalala usiku mzima. Skani ya baada ya miezi mitatu ilionyesha uvimbe umenywea zaidi ya nusu. Leo ni mwezi wa kumi na moja, na asubuhi hii amenigombeza kwa kuchelewa kuleta maziwa. Sisemi amepona. Nasema yupo.

Sasa niwaeleze nilivyoelewa, wataalamu mtanisahihisha. Seli zina kipokezi juu yake kiitwacho EGFR. Kazi yake ni kupokea amri ya kuzaana, kisha kunyamaza. Kwa mamangu, jeni inayotengeneza kipokezi hicho imepotelewa na herufi chache, na tangu hapo hakinyamazi tena. Mwenye kujua injini za boti atanielewa: mkono wa mafuta umekwama, injini inavuma hata boti ikiwa imefungwa gatini. Kidonge kinaingia pale pale palipokwama na kuyakata mafuta. Kemo haina macho hayo, yenyewe hupiga kila seli inayozaana kwa haraka, na ndiyo maana nywele nazo huondoka.

Na jambo lililonishangaza ni kwamba dawa ilitangulia, maarifa yakafuata. Gefitinibu ilikubaliwa Japani 2002 na Marekani 2003 hali hakuna aliyejua inamfaa nani hasa. Wagonjwa wengi hawakupata chochote. Wachache waliinuka kitandani kama hawakuwa wao. Wengi wa hao wachache walikuwa wanawake, wasiovuta sigara, wenye asili ya Asia Mashariki. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipozipima jeni za uvimbe wao wakakuta mabadiliko hayo ya EGFR. Kisha ukaja utafiti wa IPASS, uliochapishwa 2009, wagonjwa 1,217. Wenye jeni iliyobadilika, uvimbe ulinywea kwa watu 71 katika kila 100 waliopewa kidonge, na 47 katika kila 100 waliopewa kemo. Wasio na mabadiliko hayo, kidonge kilimfaa mmoja tu katika 100, kemo 23 hivi.

Rudieni kusoma hizo hesabu. Kidonge ni kile kile na ugonjwa ni ule ule kwa jina. Bila kipimo huwezi kujua unampa mgonjwa wako tiba au unampotezea wakati wake. Ndiyo sababu nasema ulizeni.

#2 Dada wa Shela

Pole sana dadangu, na Mola azidi kumpa shifaa mamako. Nimesoma mpaka mwisho nikalia, kwa sababu khaloo yangu alikwenda na maradhi haya haya, na mpaka leo wapo wanaosema alikuwa akivuta kwa siri chooni. Mwanamke aliyekuwa hataki hata udi mwingi chumbani.

Nina swali, nisamehe kama ni la ujinga. Mkisema jeni, si ndiyo urithi? Mimi nina mabinti watatu. Nipimwe? Niwapime? Na nikisema hadharani kwamba kwetu kuna jeni ya saratani, nani atakuja kuposa?

#3 Bint Mkomani

Dadangu, si swali la ujinga hata kidogo. Mimi nililiuliza nikiwa nimemshika mwanangu mkono mbele ya daktari, na ndugu zangu wawili walikuwa wameacha kuja nyumbani wakidhani ni mkosi wa ukoo.

Jibu ni kwamba mamangu hakuzaliwa na kosa hili la jeni. Mwili mzima wa mamangu, damu yake, mayai yake tuliyotokana nayo sisi, yote yana EGFR nzima. Iliyobadilika ni ya seli moja ndani ya pafu, siku moja katika miaka yake 61, na wanaoibeba ni vizazi vya seli hiyo tu, yaani uvimbe wenyewe. Uvimbe ukitoka, nayo imetoka. Hakuna aliyeipokea kwa nyanya wala atakayeipeleka kwa mjukuu. Fikiria umeandika barua, ukainakili mara elfu kwa mkono. Kosa likiingia kwenye nakala ya mia tano, nakala zitakazotolewa kwa hiyo zitakuwa na kosa. Barua ya asili haina.

Kuchanganyikiwa kunatoka kwenye saratani ya matiti, ambako kuna jeni za BRCA1 na BRCA2 zinazoweza kupita kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hizo ni za kuzaliwa nazo. Kwenye mapafu jeni za kuzaliwa nazo zinazoleta ugonjwa zipo lakini ni nadra mno. Daktari akizishuku kwa namna ripoti ilivyosomeka, au kwa sababu ndugu kadhaa wameugua, atasema mwenyewe. Mabinti zako waache na raha yao.

Na kuhusu khaloo yako. Marekani, ambako hesabu zinawekwa vizuri, kati ya wagonjwa 10 na 20 katika kila 100 wa saratani ya mapafu ni watu ambao hawakuvuta kabisa au walivuta sigara zisizofika mia maishani. Hiyo EGFR hupatikana zaidi kwa hao. Moshi wa kuni ndani ya nyumba, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani. Siwezi kukwambia kuni za mama ndizo zilizomdhuru, hakuna kipimo cha kuthibitisha hilo kwa mtu mmoja. Lakini nimemnunulia jiko la gesi, na mofa tumeihamishia uani. Khaloo yako alisingiziwa. Waambieni.

#4 Mzee wa Baraza

Wa aleikum salaam binti yangu. Umeandika jambo la maana na nimemsomea mke wangu.

Mimi nimevuta tangu nikiwa baharia kijana, miaka arubaini na zaidi, pakiti kwa siku, nimeacha juzi tu baada ya Ramadhani. Sina kikohozi cha ajabu. Nataka kujua kitu kimoja. Je, hizo jeni zinaweza kunipima mimi mzima, nikajua mapema kabla halijanifika? Kijana mmoja aliniambia kuna kipimo cha damu. Kama kipo nitauza mbuzi.

#5 Maabara Malindi

Shikamoo mzee wangu. Usiuze mbuzi bado. Mimi nafanya kazi maabara hapa Malindi, si daktari wa saratani, nitasema yale ya upande wangu.

Kipimo cha damu kipo, lakini si cha kazi uliyoelezwa. Seli za uvimbe zinapokufa hupasuka na kumwaga vipande vidogo vya DNA kwenye damu. Kwamba damu ina vipande vya DNA vilivyo nje ya seli ilijulikana tangu 1948. Mashine za leo zinaweza kuvisoma na kusema hiki kina EGFR iliyobadilika. Marekani ilikubali kipimo cha kwanza cha damu cha EGFR mwaka 2016. Ni msaada mkubwa kwa mgonjwa ambaye imeshajulikana ana saratani lakini kinyama hakitoshi, au uvimbe uko mahali sindano haifiki. Kwa mtu mzima kama wewe, kauvimbe kadogo hakamwagi vya kutosha kuonekana. Damu ikisema "hakuna" utakwenda zako ukifurahi, hali kapo. Hata kwa mgonjwa, jibu la "hakuna" kwenye damu huwa tunasema halijafunga mlango, kinyama bado kipimwe.

Kinachoweza kukufaa wewe ni skani ya CT ya mionzi kidogo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana, matokeo yake yakatoka 2011, ulionyesha kwamba waliopigwa skani hiyo kila mwaka kwa miaka mitatu walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu kuliko waliopigwa picha ya kawaida ya kifua. Mwambie daktari umri wako na miaka uliyovuta, akupime kama inakustahili. Ina hasara zake pia, huokota vivuli vingi ambavyo si kitu, hasa kwetu ambako makovu ya TB ni mengi. Kuacha kwako ndiyo dawa ya kwanza mzee, na nakupongeza kwa moyo wote.

Nirudi kwa mleta uzi, kuna jambo nataka wenye wagonjwa walijue na halisemwi. Nusu ya vita vya kipimo cha jeni hushindwa kabla sampuli haijaondoka mjini. Kinyama kikitolewa lazima kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyopimwa vizuri, mara moja, na kisikae humo chini ya saa sita wala zaidi ya siku tatu. Nimeona chupa zikikaa wiki mbili dirishani zikingoja gari. Mtaalamu akitazama kwa hadubini bado ataona saratani, lakini DNA imekatikakatika, mashine ikiisoma inapata maneno yaliyovunjika. Kinyama cha mfupani kikilainishwa kwa asidi nacho ni vivyo hivyo. Na vinyama vya mapafu ni vidogo, uzi wa sindano tu. Vikikatwa vipande vingi kwa ajili ya rangi za kutambua aina ya saratani, hakibaki kitu cha jeni. Kwa hiyo tamko "kipimo cha jeni kitahitajika" liandikwe kwenye fomu siku ile ile ya kutoa kinyama. Ndugu anaweza kuomba liandikwe, si dhambi.

Na damu nayo: ikitiwa kwenye chupa ya kawaida inatakiwa izungushwe ndani ya saa chache, la sivyo seli nyeupe hupasuka na kufunika DNA ya uvimbe. Kutoka Lamu kwa boti, basi, mpaka Nairobi, haifiki ikiwa nzima. Kuna chupa maalumu zenye kihifadhi, hizo hustahimili siku kadhaa. Ulizeni ni chupa gani kabla mkono haujafungwa mpira.

Kwa wanaoona haya mambo ni ya mbali: mashine ya GeneXpert inayopima TB, ambayo WHO iliipendekeza 2010, nayo husoma jeni. Ni jeni za kijidudu, na inatazama hasa ile iitwayo rpoB kujua kama rifampisini, dawa ya TB, itafanya kazi. Tumeshazoea kumpimia mgonjwa wa TB dawa inayomfaa. Mgonjwa wa saratani anadai hicho hicho.

#6 Kijana wa Mambrui

Mnaongea vizuri lakini mnaongea na nani? Kipimo peke yake ni pesa ya mtu kuuza kiwanja. Kidonge kila siku mpaka lini? Nyinyi mna jamaa Mombasa na Nairobi. Mvuvi wa Ngomeni aambiwe EGFR aende akaipate wapi? Babu yangu alikunywa habasoda na asali, akaishi miaka miwili zaidi ya alivyoambiwa. Mwacheni mtu na dawa yake ya nyumbani, msimtie hofu ya karatasi.

#7 Bint Mkomani

Kakangu, sikasiriki, kwa sababu unalosema la pesa ni kweli tupu. Sisi tulichangiwa. Msikitini walichanga, wanawake wa mtaa walifanya chama, kaka yangu aliuza pikipiki. Naandika uzi huu nikijua wapo watakaousoma na wasiweze.

Lakini tuipige hesabu pande zote mbili. Kemo ambayo mama angepewa nayo ilikuwa na bei, na safari, na kulala Mombasa kila wiki tatu, na mtu wa kumshika. Kidonge anameza nyumbani Lamu. Gefitinibu na erlotinibu siku hizi zinatengenezwa na viwanda vingi vya India kwa jina la dawa bila jina la kampuni, na bei yake si ile ya zamani. WHO iliingiza erlotinibu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na ikasema gefitinibu inaweza kushika nafasi yake. Orodha hiyo ina maana: ndiyo wanayoitazama wakubwa wanapoamua bima ilipe nini. Mgonjwa ajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, asingoje awe kitandani, kisha aulize kwa maandishi kipi kinalipwa. Na nikuongezee hili: kipimo kikisema hakuna EGFR, kimekuokolea pesa ya kidonge ambacho kisingekusaidia. Hata hilo ni faida.

Kuhusu habasoda siwezi kumdharau babu yako, Mola amrehemu. Mamangu pia anatia habasoda kwenye chai. Ila kila anachokunywa tumekiandika na daktari anakijua, kwa sababu vidonge hivi havipendi kuchanganywa ovyo. Dawa za kupunguza asidi tumboni, zile zinazonunuliwa dukani kwa kiungulia, huzuia gefitinibu kuingia mwilini. Balungi linaweza kuvuruga kiwango chake. Na sikilizeni hili watu wa pwani: rifampisini, ile ya TB inayofanya mkojo mwekundu, hulifanya ini liitupe dawa hii nje kwa kasi mno, kiasi kwamba mgonjwa anameza kidonge na damuni hamna kitu. Mgonjwa mwenye TB na saratani pamoja yupo, si wa kufikirika. Daktari wa kifua na daktari wa saratani lazima wajuane.

#8 Kijana wa Mambrui

Hiyo ya rifampisini sikuijua. Nimekuelewa dadangu. Samahani kwa ukali, bado nina majonzi ya babu.

#9 Bint Mkomani

Tuko pamoja kakangu. Mola amlaze pema.

#10 Mwana wa Faza

Assalamu aleikum. Nimejiunga na jamvi hili leo kwa sababu ya uzi huu. Baba yangu ana miaka 66, alikuwa mkata mikoko, alivuta zamani akaacha miaka ishirini iliyopita. Alitolewa kinyama mwaka jana Mombasa, adenokasinoma. Akapewa kemo nne. Amepata nafuu, sasa skani mpya inasema uvimbe umeanza kukua tena. Hakuna aliyewahi kututajia jeni. Daktari anasema huenda akahitaji kutolewa kinyama tena na baba amekataa kabisa, ile sindano ya kwanza ilimtoboa pafu, akalazwa na mpira kifuani siku tano. Je, tumeshachelewa?

#11 Maabara Malindi

Ndugu yangu, soma kwa makini. Kinyama cha mwaka jana hakikutupwa. Baada ya fomalini hugandishwa ndani ya kipande cha nta, tunakiita bloku, na bloku huwekwa kabatini miaka mingi. Juu ya ripoti ya baba kuna namba ya maabara, mara nyingi pembeni kulia, si namba ya faili la hospitali. Nenda na namba hiyo, kitambulisho, na barua ya daktari wake inayotaja vipimo. Uombe bloku au vipande visivyotiwa rangi. Hatobolewi mtu.

Mlolongo wenyewe daktari ataamua, lakini ujue majina. EGFR ya kwanza. ALK ni ya pili: hiyo si herufi iliyopotea, ni jeni mbili zilizokatika na kuungana vibaya. Kundi la Mjapani Hiroyuki Mano liliiona kwenye mapafu 2007, na kufikia 2011 dawa yake, krizotinibu, ilikuwa imekubaliwa Marekani. Miaka minne tu! Ni watu watatu hadi watano katika 100, lakini huyo akipatikana hupata nafuu kubwa, na kipimo chake cha kutia rangi kinaweza kufanywa hata mahali pasipo na mashine ya kusoma jeni. Ya tatu KRAS, ambayo huonekana zaidi kwa waliovuta. Hii inakaa chini ya EGFR kwenye mstari ule ule wa amri, ndiyo maana iliyobadilika ikiwa ni KRAS, kufunga EGFR huko juu hakusaidii. Kwa miongo ilionekana haigusiki, mpaka 2021 ikakubaliwa sotorasibu kwa aina yake moja iitwayo G12C. Bei yake bado ni kubwa. Kuna ROS1, BRAF, RET, MET na nyingine. Mahali penye uwezo husomwa zote kwa mkupuo, na kinyama kidogo hutosha.

PD-L1 si jeni iliyobadilika, ni alama juu ya seli inayoonyesha kama dawa ya kuamsha kinga ya mwili inaweza kusaidia. Hapa pana hatari ambayo naomba uibebe: mwenye EGFR au ALK kwa kawaida hafaidiki sana na dawa hizo za kinga, na akianza nazo kisha akapewa osimertinibu, kidonge kingine cha EGFR, mapafu yanaweza kuvimba vibaya. Kwa hiyo EGFR ijulikane kabla, PD-L1 hata ikiwa juu namna gani.

#12 Bint Mkomani

Ahsante sana Maabara, umeandika ambayo mimi nisingeweza.

Mwana wa Faza, niongeze la nyumbani. Baba akipata kidonge, mwandaeni. Wiki ya pili mamangu alitokwa na upele usoni kama chunusi za msichana, akajifungia, akasema watu watadhani ana ugonjwa mwingine. Tumbo lilimwendesha. Kucha za miguu ziliuma. Tulikaribia kuacha dawa sisi wenyewe bila kumwambia mtu, na lingekuwa kosa kubwa. Sista wa kliniki akatupa mafuta ya kupaka, akamwambia ajikinge na jua, na upele ukatulia.

Na jingine ni gumu lakini nalisema. Daktari hakutuficha: dawa hii ina siku yake. Uvimbe hutafuta njia. Kwa karibu nusu ya wanaotumia dawa za kizazi cha kwanza, jeni hubadilika tena mahali pengine, badiliko liitwalo T790M, na kidonge hakishiki. Ndipo huja osimertinibu, iliyokubaliwa Marekani 2015 kwa ajili hiyo hasa, na siku hizi wenye uwezo huanza nayo moja kwa moja. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Mama anajua. Aliposikia aliniuliza, "Itanifikisha nikah ya mdogo wako?" Nikamwambia inshallah. Nikah ni mwezi wa Rajabu. Tayari amechagua leso.

#13 Mzee wa Baraza

Nimekwenda kwa daktari kama mlivyoniambia. Nimeandikiwa skani. Binti yangu, mfikishie mamako salamu, mwambie ni yule nahodha aliyekuwa akichukua mahamri thelathini kila alfajiri kabla ya kutweka. Atanijua.

#14 Bint Mkomani

Shikamoo mzee wangu. Amekujua kabla sijamaliza sentensi. Anasema bado unadaiwa.

#15 Mwana wa Faza

Nimerudi na habari. Nilifika maabara Jumanne saa mbili asubuhi na namba ya pembeni kulia. Dada wa mapokezi alisema mwaka jana ni zamani, nikamwomba kwa adabu aulize ndani. Akatoka mtu mzima mwenye koti jeupe, akaichukua namba, akaingia kabatini kama nusu saa. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi.

Alitoka na kijibloku kwenye kiganja. Nta nyeupe, kidogo kuliko kidole gumba, na katikati kuna mstari wa rangi ya kahawia kama uzi uliokatwa kwenye kikoi. Aliutazama kwenye mwanga akasema unatosha vipande kumi, labda kumi na viwili. Daktari ameomba EGFR na ALK kwanza ili visiishe. Nimesaini. Kinaondoka kesho kwa basi la usiku kwenda Nairobi.

Nikampigia baba Faza. Swali lake la kwanza lilikuwa kama atatakiwa kurudi Mombasa kutobolewa. Nikamwambia la, baba, safari hii kinachosafiri ni kile kipande tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi jioni atakwenda kutazama ngalawa yake.